Kuchagua Kava la Kiki la Kopi kwa Honda za Zamani: Mwongozo Kamili

Kava la upande wa kulia wa injini, lile linalopitisha shafti ya kiki, mara nyingi hununuliwa kwa macho: likiwa jipya, linang'aa, na matundu ya bolti yanaelekea kulingana, biashara imekwisha. Mwongozo huu unashikilia msimamo tofauti. Kava hili si kifuniko cha kuzuia vumbi tu, bali ni sehemu ya mashine yenye kazi nne: linaishika ncha ya shafti ya kiki isiyumbe, linabeba kirekebishi cha klachi, linapitisha oili kwenda kwenye krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), na linaizuia oili isitoke nje. Kopi inayoshindwa kazi moja kati ya hizo inaweza kuharibu kitu chenye thamani kubwa kuliko bei yake, hata kama kwa nje imekaa vizuri.

Maelezo yanaelekezwa zaidi kwa Honda za aina ya Cub, yaani C50, C70 na C90, ukoo ulioanza na C100 mwaka 1958 na ambao kufikia 2017 ulikuwa umeshatengenezwa zaidi ya pikipiki milioni 100 duniani. Wingi huo ndio uliovifanya viwanda vingi vione faida ya kuiga spea zake, na ndio maana kopi za leo zinatofautiana sana, kutoka nzuri kabisa hadi zisizofaa kufungwa. Wenye Honda CG125 na Yamaha za mipigo miwili watapata sehemu yao mbele. Wenye Vespa za zamani, ambao kwetu Zanzibar si wachache, hawahusiki sana, kwa sababu shafti ya kiki ya Vespa hupita kwenye nusu ya krenkesi yenyewe, yaani ganda kuu la injini. Tundu lake likiliwa, tatizo ni la krenkesi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kava la zamani limefikia mwisho

Kabla ya kutoa pesa ni lazima ijulikane kava lililopo lina kasoro gani, kwa kuwa kasoro nyingi zinazodhaniwa kuwa za kava si zake. Oili inayochuruzika kwenye mzizi wa pedeli ya kiki kwa kawaida hutokana na sili, pete ya mpira inayozuia oili kando ya shafti, ambayo ni ya bei ndogo na huweza kubadilishwa peke yake. Vipimo vya sili huandikwa usoni mwake kwa mpangilio wa kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene. Sili iliyoandikwa 13.8×24×5, kwa mfano, inaingia kwenye shafti ya milimita 13.8 na tundu la milimita 24, na unene wake ni milimita 5. Atakayeyasoma maandishi hayo kabla ya kwenda dukani hatahitaji kubahatisha.

Bolti inayozunguka bila kukaza nayo si kosa la kava. Matundu ya kava ni mapana na hayana uzi. Uzi uko ndani ya krenkesi, na ukishaliwa huko, kava jipya la aina yoyote litavuja vilevile. Tiba yake ni kupanua tundu na kutia uzi wa springi wa bolti ya milimita 6, kazi ambayo fundi mwenye vifaa vyake huifanya injini ikiwa palepale kwenye fremu.

Hapa visiwani uzi huo huliwa kwa sababu inayoeleweka. Chuma kikigusana na alumini mahali penye unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, na unga mweupe unaotokea hujaza nafasi iliyoizunguka bolti mpaka vikashikana kama vilivyosubiwa pamoja. Pikipiki inayolala Jambiani au Nungwi, karibu na ufukwe, hufikia hali hiyo mapema kuliko inayolala ndani ya kisiwa. Tena, skrubu za Honda za zamani zina msalaba wa kiwango cha Kijapani cha JIS, ambao unafanana na msalaba wa Phillips lakini hauko sawa nao, kwa hiyo bisibisi ya kawaida hupanda juu na kukata kichwa. Itumike bisibisi ya JIS, au ile ya kugongwa kwa nyundo yenye ncha inayokaa barabara, na kava lipashwe moto kidogo kabla ya kugonga. Kulibandua kava kwa kupenyeza bisibisi bapa kwenye kiungo ni kuliharibu kwa makusudi; nyundo ya mpira inatosha.

Kava linastahili kuachwa pale tundu la shafti linapokuwa limetanuka upande mmoja hata sili mpya haidumu, pale ufa unapopita kwenye nguzo ya shafti au kwenye makao ya sili, au pale uso unaokaliwa na gasketi (karatasi ya kuziba kiungo) unapokuwa umetobolewa na chumvi kutoka ukingo wa ndani hadi wa nje. Ufa ulio kwenye ukuta mtupu, mbali na matundu hayo, unaweza kuchomelewa kwa gesi ya argoni na uso ukasawazishwa. Kwa maoni yangu kava la asili lililochomelewa na fundi anayeijua alumini ni bora kuliko kopi ya wastani, kwa kuwa vipimo vyake muhimu bado ni vya kiwandani.

Hatua ya pili: ijue injini iliyopo, si jina la pikipiki

Pikipiki za umri huu zimeshabadilishwa injini mara nyingi, na kadi inaweza kusema C70 ilhali kilichomo ndani ni kingine. Namba ya injini ya Honda hizi huchongwa kwenye krenkesi, chini upande wa kushoto, na huanza kwa jina la aina likifuatiwa na herufi E: C50E, C70E au C90E. Ikisuguliwa kwa brashi laini na mafuta ya taa hujitokeza. Katika orodha za spea za Honda, kava hili hutambulika kwa tarakimu tano za mwanzo, 11330, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha aina moja na nyingine. Muuzaji anayetangaza kopi yake kwa namba kamili ya Honda anakupa kitu cha kulinganisha, na asiyetaja namba yoyote aombwe vipimo.

Hatari kubwa iko kwenye injini zilizoigwa. Injini nyingi za Kichina za silinda ya kulala zimefuata umbo la Cub, na makava yake yanauzwa katika maduka yaleyale. Kwa mbali yote yanaonekana ndugu, lakini ndani yanagawanyika katika makundi matatu. Cub za zamani zina klachi moja inayojishika yenyewe kwa mzunguko, iliyofungwa kwenye ncha ya krenki, na kava lake lina kirekebishi cha klachi katikati. Injini za baadaye zenye klachi mbili, moja kwenye krenki na nyingine kwenye shafti ya gia, zinahitaji kava lenye kina na mgawanyo mwingine wa ndani. Kundi la tatu ni la klachi ya mkono, ambalo kava lake lina kijiti cha kufungia waya. Ukifunga kava la kundi lisilo lako, klachi itagusa ukuta au haitarekebika kabisa, hata kama bolti zote zimeingia.

Kwa CG125, injini yenye fimbo za kusukuma vali, kijiti cha waya wa klachi kiko kwenye kava lenyewe, hivyo pamoja na tundu la kiki liangaliwe tundu la kijiti hicho na sili yake. Injini za Kichina zilizotokana na CG ni nyingi mno kiasi kwamba maneno "kava la CG" peke yake hayatoshi. Kava la zamani lazima liende dukani. Kwa Yamaha za mipigo miwili, nyingi hubeba pampu ya oili ya Autolube kwenye kava hilihili, na kopi isiyo na makao ya pampu humlazimisha mwenye pikipiki achanganye oili na petroli kwa mkono maisha yote. Anayetaka pampu yake iendelee kufanya kazi asikubali kopi kama hiyo kwa punguzo lolote.

Hatua ya tatu: litenganishe kopi na la kughushi

Kiwanda kinachoweka jina lake mwenyewe kwenye spea ya kuiga kinafanya biashara halali, na baadhi ya bidhaa hizo ni nzuri. Kilichowekwa ndani ya boksi la Honda bila kutoka Honda ni jambo jingine, kwa kuwa aliyedanganya kwenye boksi hana sababu ya kuwa mkweli kwenye madini. Boksi lisikupe imani. Vipimo vinavyofuata ndivyo vikupe.

Hatua ya nne: lipime kava kabla ya kulipa

Nenda na kava la zamani lililosafishwa, gasketi mpya ya injini yako, shafti ya kiki ikiwa imeshatolewa, karatasi nyeupe, na ikiwezekana kipande cha kioo cha dirisha kinachozidi ukubwa wa kava. Mwenye duka muungwana, awe Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, hatakataa kava lake lipimwe juu ya meza, anayekataa ameshakujibu.

Anza na gasketi. Iweke juu ya kopi na utazame kila tundu, si ya bolti pekee bali na yale madogo ya oili, pamoja na matundu mawili ya pini za kuelekeza. Pini hizo ndizo zinazolipanga kava mahali pake, kwani matundu ya bolti yana nafasi ya kutosha kulificha kava lililokaa pembeni. Matundu ya pini yakitofautiana na ya kava la zamani hata kwa nusu milimita, tundu la shafti nalo litakuwa limehama, na kiki itakuwa ngumu bila sababu inayoonekana.

Kisha ligeuze kava kifudifudi juu ya kioo. Bonyeza kona moja baada ya nyingine kwa kidole. Kava lililopinda hucheza na kutoa mlio mdogo. Karatasi ya kawaida ya ofisi ina unene wa takriban milimita 0.1, kwa hiyo ikipenya chini ya ukingo, mpindo umefikia kiasi hicho. Mpindo mdogo usiozidi hapo husawazishwa nyumbani kwa msasa wa namba 400 uliobandikwa juu ya kioo, kava likizungushwa kwa mkono mwepesi katika umbo la nane, kisha likaoshwa sana. Karatasi ikipenya mahali pengi, au ikipenya ikiwa imekunjwa mara mbili, kava lirudi kwenye rafu.

Sasa tundu la shafti. Paka shafti oili nyembamba na uiingize. Inatakiwa izunguke kwa vidole viwili bila kukwama, na ukiitikisa ncha yake isionekane ikicheza. Likiwa limebana, mafundi wengine hulipanua kwa msasa papo hapo. Njia hiyo hulitoa tundu kwenye mstari, na ni bora kulikataa. Pima vilevile urefu wa nguzo ya ndani inayoizunguka shafti, kutoka usawa wa gasketi hadi kilele chake, na uulinganishe na wa kava la zamani. Nguzo iliyo ndefu huibana shafti bolti zikikazwa, na iliyo fupi huiacha iende mbele na nyuma na kula sili. Hiki ndicho kipimo kinachosahauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachoeleza kwa nini kiki nyingi hazirudi juu baada ya kubadilishwa kava.

Makao ya sili yaguswe kwa ukucha. Yawe laini na yenye ukingo wa kusimamisha sili isizame. Kwenye makava yaliyotiwa kromu, tabaka la kromu wakati mwingine huingia hadi ndani ya makao na kuyapunguza, kisha sili huingia kwa kugongwa na kupinda. Kromu kwa ujumla siipendekezi katika hewa yetu: chumvi ikipata upenyo mmoja, tabaka huinuka na alumini iliyo chini yake huliwa kwa siri. Kava lililopakwa rangi ya fedha, hata kama halivutii dukani, hudumu na hupakwa upya kwa urahisi.

Mwisho utazamwe ubora wa kusubu. Kava la asili limesubiwa kwa kalibu ya chuma kwa shinikizo, kwa hiyo kuta zake ni nyembamba na sawa. Kopi zilizosubiwa ovyo zina vishimo vya hewa, na vishimo hivyo huweza kuungana na kuvujisha oili katikati ya ukuta usio na ufa. Ili kuvigundua, paka chaki upande wa nje, liweke kava likiwa chali, mimina mafuta ya taa ndani yake baada ya kuziba matundu kwa sabuni ngumu, na usubiri. Mahali panapovuja huonekana kama doa jeusi kwenye chaki. Kipimo hiki hakifanyiki kwenye kaunta, lakini kifanyike nyumbani kabla ya kufunga, na muuzaji aambiwe mapema kwamba kava likishindwa litarudishwa.

Hatua ya tano: chunguza njia ya oili

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasiharakishe. Katika injini nyingi za Honda, zikiwemo za Cub na CG, ndani ya kava kumetobolewa njia nyembamba inayoipokea oili iliyosukumwa na pampu na kuipeleka kwenye ncha ya krenki, ambako huingia ndani na kulainisha beringi ya fimbo ya pistoni. Njia hiyo haionekani kwa nje. Ikiwa kopi ilitobolewa nusu, au ikabaki na mchanga wa kusubia na chembe za alumini, injini itawaka vizuri, itatulia vizuri, na baada ya muda itaanza kugonga kutoka chini.

Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, ulijaze mafuta ya taa, uligandamize kwenye tundu la kuingilia na usukume. Mafuta yatoke upande wa pili kwa mkondo mnyoofu na wenye nguvu sawa na ule wa kava la zamani. Yakitoka kwa matone, ingiza waya laini wa shaba uone kama ni uchafu au ni tundu lisilokamilika. Rudia kusukuma mpaka mafuta yanayotoka, yakikingwa kwenye kitambaa cheupe, yasiache chembe yoyote. Halafu weka gasketi tena na uhakikishe kwamba tundu lake la oili linaliacha wazi lile la kava, kwa sababu gasketi ya aina nyingine inaweza kuliziba kabisa ilhali kingo zake zote zinalingana.

Kuagiza kutoka mbali

Spea ambayo haipo Unguja huagizwa Kariakoo na kuvushwa kwa boti, na wa Pemba huongezewa safari nyingine ya bahari. Gharama ya kurudisha inaweza kulingana na bei ya kava, kwa hiyo uchunguzi ufanywe kwa picha kabla ya mzigo kuondoka. Omba picha ya upande wa ndani, iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja, rula ikiwa imelazwa kando ya kava, na picha nyingine ya tundu la shafti kwa karibu. Picha ya nje peke yake haina faida. Makubaliano ya kurudisha yaandikwe kwenye ujumbe, yasiishie kwenye simu.

Hatua ya sita: kulifunga

Oili imwagwe injini ikiwa na vuguvugu. Kwenye Cub huenda ikabidi ekzosi na chuma cha kukanyagia vitolewe ili kava lipate nafasi. Bolti ya pedeli ya kiki itolewe yote, isilegezwe tu, kwa sababu mwili wake hupita kwenye mfereji uliokatwa katika shafti. Bolti za kava zina urefu tofauti. Toboa boksi la karatasi kwa umbo la kava na uchomeke kila moja mahali pake. Kava la zamani likitoka, tazama kama washa ya shafti ya kiki imenata ndani yake kwa oili, na uirudishe.

Sili mpya iingie kavani kabla, midomo yenye springi ikielekea kwenye oili. Meno ya shafti yafunikwe kwa kipande cha mfuko wa plastiki kilichopakwa oili, la sivyo yatakata mdomo wa sili wakati kava linapita. Gasketi ipakwe grisi nyembamba. Silikoni isitumiwe, kwa kuwa ziada yake huingia ndani, hukatika na kuziba njia ileile tuliyoihangaikia. Bolti nazo zipakwe grisi kwenye uzi, zikiwemo zile zisizoshika kutu, ambazo nazo huila alumini penye chumvi.

Kaza kwa kuvuka upande mmoja hadi mwingine, kwa awamu, na baada ya kila awamu uzungushe shafti ya kiki kwa mkono. Ikianza kuwa nzito, simama. Nguzo inaibana, na kuendelea kukaza hakutaitengeneza. Bolti za milimita 6 hukazwa kwa takriban Nm 10 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), ambayo ni nguvu ya kifundo cha mkono na si ya bega.

Kisha rekebisha klachi ya Cub: legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu mzunguko mmoja kwa mwendo wa saa, irudishe taratibu kinyume chake mpaka uhisi ugumu kidogo, halafu izungushe tena kwa mwendo wa saa sehemu ya nane ya mzunguko na ufunge nati huku skrubu imeshikwa isihame. Jaza oili, ambayo kwa C50 na C70 ni karibu lita 0.7 hadi 0.8 kutegemea kiasi kilichobaki ndani, na upime kwa kijiti cha injini. Piga kiki mara kadhaa swichi ikiwa imefungwa ili oili isambae, ndipo uwashe.

Baada ya mwendo mfupi, futa kiungo chote kikauke na ukipake poda ya mtoto. Endesha tena, kisha utafute mahali poda ilipogeuka rangi. Likivuja kwenye shafti, rudi kwenye sili na tundu. Likivuja kwenye ukingo, rudi kwenye kioo na karatasi. Kava la asili lililotolewa lisitupwe wala lisiuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa maana tundu lililotanuka linaweza kuchongwa na kutiwa bushi ya shaba na fundi mwenye mashine ya kukereza, na siku hiyo litafaa kuliko kopi uliyoifunga leo.